Neno la Jicho Moja

Mkalimani alikuwa na tabia ya kumtazama mtu mdomoni. Ukizungumza naye, macho yake hayakupanda juu ya pua yako. Wageni walidhani ana hila, au ana haya ya kupita kiasi, lakini sisi tuliokaa naye katika kambi ya wakimbizi Tanzania tulijua kwamba ni kazi yake iliyomzoeza hivyo. Alisema maneno hutoka mdomoni, na anayesubiri maji hutazama bomba. Nimeanza na tabia hiyo kwa makusudi, kwa sababu iliangamiza watu wawili, naye ni mmoja wao.

Mjukuu wangu, anayeniandikia haya, ameniuliza jina lake. Jina lake alikuwa nalo yeye mwenyewe. Sisi tulimwita Mkalimani kwa muda mrefu hivi kwamba, ukimwita kwa jina la ubatizo, alichelewa kuitika, kama mtu anayetafuta kwanza ni nani mwingine ndani ya chumba mwenye jina hilo.

Alivaa koti la kijivu hata wakati wa joto. Mfuko wa kifuani ulikuwa na kalamu, na sikumwona akiandika nayo. Alichukia kelele, lakini redio yake haikuzimwa. Aliisikiliza hata ilipokwaruza tu bila sauti ya mtu, akidai kwamba katikati ya mikwaruzo hupita neno moja moja, na neno moja linatosha kwa siku. Alikuwa mchoyo wa chumvi na mkarimu wa nguo. Alisali sana, kisha akabishana na padri juu ya maana ya maneno ya sala. Kuhusu umri wake alidanganya kila alipoulizwa, na hakuwahi kurudia uongo uleule.

Kazini alikuwa mtu wa maneno laini. Siku moja kambini, maji yalipochelewa kufika, afisa mmoja wa kigeni alisimama mbele ya foleni yetu sisi wanawake, akapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Baadaye tulikuja kujua kwamba alikuwa akitufananisha na mbuzi. Mkalimani alimsikiliza mpaka mwisho, akageuka, akasema kwa upole, "Bwana huyu anasema jua limemchosha. Anawaomba msogee kidogo."

"Na jua ndilo limemtuma atutemee mate?" akauliza mwanamke mmoja mwenyeji wa Buraza, ambaye sikupata kumwona amenyamaza hata akiwa mgonjwa.

"Ni lugha yao, dada. Ina herufi zenye maji."

Tukacheka, tukasogea. Afisa akadhani ametutia hofu, akatulia. Ndivyo Mkalimani alivyotulinda kwa miaka mingi: tusi lilifika kwetu likiwa ombi, na laana zetu ziliwafikia wao zikiwa shukrani.

Mimi sikumsifu kwa hilo. Nilimwambia waziwazi kwamba anatudanganya.

"Dada, mimi ni mlango tu," akanijibu. "Upepo ukiwa mkali, mlango hufungwa nusu."

"Mlango pia humbana mtu vidole," nikamwambia.

Siku hiyo alicheka. Miaka ya baadaye alinikumbusha maneno hayo, na hakuwa akicheka.

Neno ninalotaka kulisimulia alilipata hapo hapo kambini. Kulikuwa na muuguzi kijana wa kigeni aliyewachanja watoto. Mtoto akianza kulia, muuguzi alimfumbia jicho moja upesi, kama wafanyavyo wenye siri ya pamoja, na mtoto akanyamaza kwa mshangao. Mkalimani akamuuliza kitendo hicho kinaitwaje kwa Kiingereza. Akaambiwa ni wink. Alirudi kwetu akiligeuzageuza neno hilo mdomoni kama peremende.

"Winki," alitufundisha. "Ni kukonyeza. Wenzetu wana neno fupi kwa kila jambo."

Watoto wakaliimba kambi nzima, winki, winki, wakifumba jicho moja na kuanguka kwa kicheko. Naye akalihifadhi kwa maana hiyo peke yake, kama mtu aliyepewa ufunguo mmoja akaamini kwamba nyumba nzima ina mlango mmoja.

Amani ilipokuja, malori yakaturudisha. Mimi nilirudi kwetu Giteranyi, katika mkoa wa Muyinga, nikiwa na watoto na bila mume, kwa maana yeye tulimzika Tanzania. Mkalimani alirudi nasi, akapewa chumba karibu na soko. Shamba la mume wangu nililikuta likilimwa na vijana nisiowajua. Baba yao, mtu mwenye nguvu wakati wa vita, alikuwa amelitwaa tulipokimbia, kisha akafa, akawaachia wanawe shamba lisilo lao. Sikuwachukia vijana wale. Walilima kwa sababu walimwona baba yao akilima.

Aliyenionyesha mipaka yetu alikuwa Mfuga Nyuki. Huyu hakukimbia. Katika miaka yote mibaya alibaki kwenye kolini, yaani kilima chetu na watu wake, akitundika mizinga na kukamua asali. Alitembea nami kutoka mmea wa mpaka hadi mmea wa mpaka, akisema hapa mume wako alipanda, pale alipanda baba yake. Nilimuuliza kwa nini hakusema neno siku shamba lilipochukuliwa. Alisimama.

"Mama, mi niliogopa," akasema. "Wote tuliogopa. Tuliangalia chini."

Nilimheshimu kwa jibu hilo, ingawa sikumwambia.

Mfuga Nyuki alikuwa na jicho la kushoto lililojifunga lenyewe. Wengine walisema ni sumu ya nyuki, wengine walisema alizaliwa hivyo. Katikati ya mazungumzo kope ilishuka, ikapanda, naye hakuwa na habari. Watu wa kolini walilifanya mzaha wa kudumu. Akipita sokoni na ndoo yake ya asali, wanaume walimpigia kelele, "We mzee, unanikonyeza mimi ama mke wangu?" Naye alijibu, "Mke wako. We uko na sura ya mzinga mtupu." Wakacheka, wakanunua asali.

Kisha wakaja wageni wa usuluhishi. Kiongozi wao alikuwa mama wa kigeni, mzee kiasi, mwenye Kiingereza cha taratibu. Tulikusanyika chini ya mabati ya soko: sisi tuliorudi, wao waliobaki, vijana wa shambani, na mkuu wa kolini mbele kwenye kiti. Kabla ya kuanza, kijana aliyefuatana na wageni alimwonya Mkalimani mbele yetu sote: "Leo neno kwa neno, mzee. Usiongeze, usipunguze." Yaonekana sifa ya ulaini wake ilikuwa imemtangulia. Mkalimani akanyoosha koti lake. Niliona kwamba ameumia, na kwamba ameazimia.

Walitusikiliza kutwa. Jioni ilipokaribia, yule mama akasimama kufunga maneno. Alisema shamba ni la mjane na watoto wake. Alisema vijana wasifukuzwe kama wezi, watafutiwe mahali pengine. Mkalimani alifasiri vizuri, mstari kwa mstari, macho yake yakiwa kwenye mdomo wa yule mama. Kisha mama akasema sentensi moja juu ya majirani. Mkalimani akasita kidogo. Akasema kwa sauti kubwa, neno kwa neno kama alivyoamriwa:

"Na majirani walikonyezana."

Nilikuwa nyuma, nikiona migongo ya watu. Niliona migongo ile ikigeuka yote kwa pamoja. Mfuga Nyuki alikuwa amekaa kwenye kigogo cha pembeni. Na kwa kuwa mwili haumuulizi mwenyewe, kope yake ya kushoto ikashuka, ikapanda.

"Eee! Muliona?" akapaza sauti mwanamke mmoja. "Mi nilisemaga! Ile jicho!"

"Jicho yangu iko hivi tangu zamani!" akasema Mfuga Nyuki. "Munaijua wote!"

"Tunaijua, ndiyo," akajibu mwanamume yuleyule aliyezoea kumtania sokoni. "Ila hatukujua ilikuwa inaita nani."

Mara hii hakuna aliyecheka. Yule mama wa kigeni aliuliza kuna nini, na Mkalimani akamwambia kwamba watu wamefurahi.

Shamba lilirudi kwetu. Lilikuwa letu kwa haki, na lingekuwa letu hata kama neno lile halikutamkwa. Andika hilo vizuri. Lakini hasira ya watu ilihitaji mahali pa kukaa. Aliyelitwaa shamba alikuwa kaburini, wanawe walikuwa watoto siku lilipotwaliwa, na wageni walikwisha kuondoka na magari yao. Ilimkuta Mfuga Nyuki. Kila mtu akaanza kukumbuka siku fulani ya vita alipomwona akiwakonyeza wenye silaha. Aliyechomewa nyumba alikumbuka. Aliyeibiwa ng'ombe alikumbuka. Asali yake haikununuliwa tena. Mizinga yake ikaangushwa, na nyuki wakazagaa wakiuma watoto, na hilo nalo likahesabiwa kuwa kosa lake. Nilikwenda kwake mchana, watu wote wakiniona, nikanunua asali. Haikusaidia kitu. Asubuhi moja akafunga godoro juu ya baiskeli, akaisukuma kuelekea mpakani, kwa barabara ileile ambayo malori yaliturudisha sisi. Tulirudi sisi, akaondoka yeye.

Mkalimani hakujihesabu katika hayo. Alikuwa amefasiri alichoambiwa. Aliniambia, na aliamini, kwamba kwa mara ya kwanza alikuwa amefanya kazi yake kwa uaminifu kamili. Baadaye akahamia Gitega, kwa sababu wafanyabiashara wa mji ule walikuwa wakitaka Kiingereza cha kuzungumza na wenzao wa Uganda na Kenya. Akapanga chumba nyuma ya duka la fundi cherehani, Mwislamu wa mjini, akawafundisha uani, katikati ya vipande vya vitambaa.

Huko Gitega alijuana na sista mmoja mzee wa kigeni. Walizungumza Kiingereza baada ya misa, naye alifurahi kama mtoto. Siku moja sista alimsimulia juu ya mpishi wao, ambaye kila juma hupunguza sukari ya jikoni na kuipeleka kwa watoto wake. Sista alisema kwamba yeye anajua, ila huwa ana-wink.

"Sista!" akashangaa Mkalimani. "Wewe unamkonyeza mpishi?"

Sista alicheka mpaka akaondoa miwani. Kisha akamweleza kwamba siyo hivyo. Ukilitumia neno lile juu ya kosa la mtu, maana yake ni kulifumbia macho: unaona, unajifanya huoni, unaacha lipite. Mkalimani aliniambia kwamba sista aliendelea kucheka kwa muda, na kwamba yeye alikuwa akiutazama mdomo wake ukicheka bila kusikia sauti.

Akamwomba amweleze neno lile lote, tangu lilikotoka. Sista akafungua kitabu kikubwa cha maneno. Alimwambia kwamba waliolitumia zamani sana hawakuwa na habari ya jicho moja. Kwao lilikuwa kufumba macho, yote mawili. Kutokana na hapo likawa pia kusinzia, na hata leo Mwingereza aliyekesha husema hakupata hata wink moja. Kutokana na hapo likawa kufumbia kosa macho. Ishara ya jicho moja, ile ya muuguzi na watoto, ilikuwa tawi moja tu la mti mkubwa. Wajerumani, wale waliojenga boma la zamani pale Gitega, wana neno la ukoo huohuo, ila kwao ni kupunga mkono. Na chini kabisa, kwenye mzizi, sista alisema inaonekana kulikuwa na maana ya kupinda, ya kwenda upande.

"Limepinda tangu kuzaliwa, dada," Mkalimani aliniambia. "Nami nililipokea nikidhani limenyooka."

Alikuwa amesimama mlangoni kwangu Giteranyi, na vumbi la njia bado liko usoni. Hakutaka maji. Alitaka jambo moja: watu wakusanywe, arekebishe, ili Mfuga Nyuki aitwe arudi nyumbani. Hilo ndilo alilolitaka tangu siku ile mpaka mwisho, na sikumjua tena kuwa na haja nyingine.

Mkuu wa kolini alikubali. Watu wakaja baada ya ibada, karibu walewale. Mkalimani akasimama mbele yao akaeleza kila kitu: muuguzi, sista, mpishi, kitabu, mzizi. Hakulainisha neno. Alisema, "Kosa ni langu. Mama yule hakusema majirani walikonyezana. Alisema walifumba macho."

Mkuu wa kolini alifikiri. "Macho ngapi?" akauliza.

"Yote mawili."

"Ya nani?"

"Ya majirani."

"Majirani gani, mzee? Mi niko naona majirani wote wamekaa hapa."

Niliwatazama mmoja mmoja, na kila niliyemtazama aliangalia chini, kama Mfuga Nyuki alivyoniambia. Hapo nikaelewa kwamba neno la Mkalimani halikupokelewa kwa bahati mbaya. Liliwafaa. Jicho moja lilikuwa la mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amekwisha kuondoka na dhambi yao juu ya baiskeli. Macho mawili yangekuwa ya kila mtu.

"Hiyo ni mambo ya kitabu ya Wazungu," akasema hatimaye yule mwanamke wa siku ile, bila ukali, kama anayemtuliza mgonjwa. "Sisi ile jicho tuliiona na yetu."

"Rudi Gitega, mzee," akasema mkuu wa kolini. "Tuko na amani hapa."

Hakurudi Gitega. Alivuka mpaka kwa miguu, akamtafuta Mfuga Nyuki kijiji kwa kijiji, akiuliza habari za mtu wa asali mwenye jicho linalojifunga. Alipotea huko msimu mzima wa mvua. Wenyeji walimwambia kwamba mtu wa asali wamemwona, lakini mwenye jicho la namna hiyo hawamjui. Alirudi amekonda, ana kikohozi, na mtu wake hakumpata.

Tangu hapo, kila alipokutana na anayejua Kiingereza, awe dereva wa lori kutoka Uganda au muuza simu kutoka Kenya, alimuuliza maana ya neno lile. Wote walimfumbia jicho moja na kucheka. Fundi cherehani alikuja kunieleza baadaye kwamba wanafunzi walianza kumkimbia, kwa sababu somo lolote, hata la kuhesabu au la kusalimiana, liliishia hapo hapo.

Kuna jambo moja alilolirudia kwangu zaidi ya yote. Alisema anaukumbuka mdomo wa yule mama wa kigeni, namna ulivyofunguka na kufungwa kwa neno lile fupi. "Macho yake sikuyaona," alisema. "Huenda aliyafumba alipolisema. Watu hufanya hivyo, dada, mwili husaidia neno. Kama ningepandisha macho kidogo tu." Nilimwambia kwamba huenda alifumba na huenda hakufumba, na kwamba mimi nilikuwa nyuma. Sikuwa na faraja nyingine ya kumpa, na kutunga siwezi.

Mwaka ambao maharage yaliungua kwa jua, binti wa Mfuga Nyuki alikuja Giteranyi. Hakukaa. Alikuja kuchukua mche wa mgomba wa nyumbani kwao, akaupande penye kaburi la baba yake, ng'ambo. Nilimpa mche kutoka shambani kwangu, kwa maana kwao palikuwa pamelimwa na wengine. Nilimuuliza maswali niliyopaswa kuuliza, akanijibu. Kisha nikasafiri kwenda Gitega.

Fundi cherehani alinipokea dukani. "Karibu, mama. We ndiye dada yake? Mzee iko ndani. Kula hakulangi, kulala hakulalangi. Anaangalia tu mabati." Akanifungulia mlango, akarudi kwenye cherehani yake.

Mkalimani alikuwa kitandani na koti lake la kijivu. Redio ilikuwa ikikwaruza karibu na sikio. Nilikaa kwenye kigoda, nikamwambia bila kuzunguka kwamba Mfuga Nyuki amefariki.

"Alijua?" akaniuliza.

"Alijua nini?"

"Kwamba kosa lilikuwa langu. Kwamba hakumkonyeza mtu."

"Hilo la pili alilijua siku zote," nikamwambia. "La kwanza hakulijua."

"Binti yake alisema nini?"

Mtu mwingine angempa jibu laini. Yeye mwenyewe angempa, katika siku zake za kambini. Lakini alikuwa akiniuliza kama mtu anayetaka neno kwa neno. Nikamwambia kwamba tangu alipovuka mpaka, Mfuga Nyuki alilifunga jicho lake la kushoto kwa kitambaa. Alikamua asali hivyo, alikula hivyo, alizikwa hivyo. Wajukuu walipomuuliza, aliwaambia kwamba jicho hilo huita watu wabaya.

"Ndiyo maana hawakumjua," akasema Mkalimani, taratibu. "Nilikuwa nikiuliza jicho."

Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya katika miaka yote ya kujuana kwetu. Aliniangalia machoni. Yake yalikuwa mepesi, ya rangi ya chai iliyotiwa maji mengi, na niliona aibu kwamba nilikuwa siyajui. Akanitazama hivyo kwa muda. Halafu akayafumba, yote mawili.

Nilikaa nikimtazama. Alikuwa amenieleza yeye mwenyewe kwamba watu wa kale walilitumia neno lile kwa kusinzia, kisha kwa kuacha kosa lipite, kisha kwa kumpa mwenzako ishara, na sikuweza kujua alikuwa akifanya lipi. Nje, cherehani ilinyamaza. Nilinyoosha mkono nikazima redio. Nikamwita kwa jina lake la ubatizo. Hakuitika, lakini jina hilo alichelewa kuliitikia siku zote, kwa hiyo nilingoja.